Mto Ni Wetu, Geti Ni ya Nani?

Wasee, wiki hii hakuna video. Nilienda kuitafuta Sagana nikarudi na klipu moja ya sekunde 14: geti ya chuma, kufuli, na nyuma yake sauti ya maji. Maji yenyewe hayaonekani. Kwa hivyo leo mtasoma. Najua wengi wenu mkiona aya tatu mnaruka, lakini hebu nivumilieni, nina hasira na hasira yenyewe haitoshei kwa dakika moja.

Tulikuwa wanne. Mimi, majamaa wawili wa mbogi yetu, na binamu yangu wa miaka 17. Shule zilikuwa zimefungwa na mamake akaniambia, "Enda naye, lakini umrudishe vile nimekupatia." Mkumbuke hayo maneno. Tulikuwa na kayaki moja ya plastiki, rangi ya chungwa iliyopauka, tuliyoichangia pesa na kuinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Makanga aliiangalia, akaangalia paa la matatu, akatutoza nauli ya watu wawili. Nikamuuliza kwa nini wawili na haikalii kiti. Akaniambia, "Hata haishuki njiani kukojoa, hiyo ni abiria mzuri, lipa." Tukalipa.

Mpango ulikuwa rahisi. Kuna njia ya zamani ya ng'ombe inayoshuka hadi mtoni, mahali mto unatoka kwa tambarare na kuanza kuingia kwa mawe. Tungeingia hapo, tupokezane kayaki kwa maji mepesi, wengine watembee ukingoni na kamba, halafu tutokee chini karibu na daraja. Tulikuwa tumeuliza watu. Kila mtu aliijua hiyo njia. Kitu hawakutuambia ni kwamba siku hizi njia yenyewe imeishia kwa geti.

Hapo kwa geti alikuwa mzee mmoja na rungu na redio ndogo. Nikamsalimia, "Habari ya asubuhi, guka."

"Nzuri, kijana wangu. Lakini hapa hamuingii."

"Tunaenda mtoni tu, guka. Hatuguzi kitu ya mtu."

Akacheka, si kwa ubaya. "Najua mnaenda mtoni. Kila mtu anaenda mtoni. Hata mimi nikiwa mdogo hapa ndipo mama alikuwa ananituma maji. Mto si wa mtu, kijana wangu, lakini geti ni ya mtu."

Nimefikiria hiyo sentensi kila siku tangu nirudi. Nilikaa chuo semesta nne kabla karo inishinde, na hakuna lekchara aliwahi kunieleza mambo ya ardhi Kenya kwa maneno machache hivyo.

Guka alituonea huruma akatuelekeza mahali pa bure: chini ya daraja, kule malori ya mchanga yanaingilia. "Hapo hakuna geti," akasema. Tukaenda. Sasa mjue mahali pa bure pakoje. Pamechimbwa mashimo. Ukikanyaga hatua moja maji ni ya magoti, hatua ya pili ni ya shingo. Kuna vyuma vya zamani vya ujenzi vimetoka kwa zege kama mifupa. Binamu yangu aliingia na jaketi la kuelea, tulikuwa nalo moja, akateleza, na akafanya kitu ambacho kila mtu hufanya asipofundishwa: akajaribu kusimama. Maji yanayokimbia hayataki usimame. Mguu unaingia kati ya mawe, mkondo unakusukuma mgongoni, unainama mbele, na maji ya kiunoni yanakuwa maji ya kukumaliza. Hicho ndicho kilimtokea. Nilimwona kichwa kinaingia na kutoka, na mimi nimesimama ukingoni na kamba ya nguo. Ndiyo, ya kuanikia nguo. Ndiyo tulikuwa nayo.

Waliomtoa ni majamaa wa boti za kulipia ambao walikuwa wanashuka na wateja. Mmoja alirusha kamba ya mfuko mara moja tu, ikamfikia kifuani. Mwingine alikuwa ameshashuka majini kumwinua ili mguu uachilie. Dakika moja, labda chini ya hiyo. Halafu wakatukemea vile tulistahili, wakatufundisha kukaa mkao ule: mgongo chini, vidole vya miguu juu na mbele, mikono inapiga kasia kuelekea ukingo, na usisimame mpaka makalio yaguse mawe. Andikeni hiyo mahali. Mguu wa binamu yangu ulivimba kama nduma lakini tulimrudisha. Mamake bado hajui yote, kwa hivyo shangazi, kama unasoma hii, nisamehe.

Nimeeleza hivyo ili msinielewe vibaya. Sina shida na kampuni za boti. Wamekuwa kwa huo mto miaka mingi, wanajua kila jiwe, wamefundisha vijana wa hapo kazi, na bila kamba yao leo ningekuwa naandika kitu kingine. Lakini bei ya siku moja ni karibu kodi yangu ya nyumba ya mwezi, na si kosa lao, vifaa ni ghali na bima ni ghali. Shida ni kwamba kati ya siku ya kulipia na shimo la mchanga hakuna kitu. Ukiwa na pesa unapata mto ukiwa na helmeti, ukiwa huna unapata mto ukiwa na vyuma vya zege.

Sasa tuongee sheria kidogo. Mwaka wa 2024 sisi wote tulikuwa mawakili. Tulitembea na Katiba kwa simu, tukatajiana vifungu kwa barabara. Basi ifungueni tena, Kifungu cha 62. Kinaorodhesha ardhi ya umma ni gani. Kwa kifungu kidogo cha kwanza, herufi (h) ni barabara na njia zilizowekwa na sheria ya Bunge. Herufi inayofuata, (i), ni mito yote, maziwa na maji mengine kama sheria inavyoyaeleza. Halafu kifungu kidogo cha tatu kinasema hiyo yote inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya watu wa Kenya, chini ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Sheria ya Maji ya 2016 inarudia wimbo huohuo kwa upande wa maji. Kwa hivyo guka alisema kweli: mto si wa mtu. Ni wangu, ni wako, ni wa huyo makanga.

Lakini ukingo? Hapo ndipo mchezo uko. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda wa kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande kulingana na upana wa mto, ambapo hufai kulima wala kujenga. Wengi wanafikiria huo ukanda ni wa umma. Si lazima. Kama ploti ni ya mtu, mara nyingi inabaki ya huyo mtu, amekatazwa tu kufanya vitu fulani hapo. Yaani sheria inamwambia asijenge, lakini hainiambii mimi naweza kupita. Na nikipita, kuna Sheria ya Kuingilia Ardhi ya Wenyewe, Sura ya 294, inanisubiri. Nina mto wa umma wenye urefu wa karibu kilomita 1,000 kutoka milimani hadi baharini, na naweza kuuguza kwa mashimo ya mchanga.

Na msiniambie serikali haiwezi kufuatilia mambo ya ukingo wa mto. Inaweza sana. Aprili na Mei 2024, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 200 nchini, tuliona tingatinga Mathare na Mukuru zikibomoa nyumba za mabati kwa jina la huohuo ukanda wa mto. Watu walitolewa wakiwa na magodoro yamelowa. Siku hiyo mita 30 zilipimwa haraka kabisa. Nami naelewa kwamba kulala kando ya mto unaofurika ni hatari. Ninachouliza ni kwa nini futi ya kupimia hupotea ikifika kwa ukuta wa mawe wenye maua juu. Watu wa Pwani wanaijua hii stori vizuri, wao wamezibiwa njia za ufuoni miaka mingi. Sisi wa bara tumechelewa tu kugundua kwamba mito pia ina getikipa.

Huko Uskoti walipitisha sheria mwaka wa 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa ardhi na kwa maji, ikiwemo na mtumbwi, mradi uwe na adabu: usiharibu mimea, usiingie kwa boma la mtu, ufunge geti ulilofungua. Na huko ni kwa malodi na makasri. Mabwanyenye wao hawakufa.

Kuna wale wataandika kwa komenti: hii ni michezo ya wazungu, tuna shida kubwa kuliko kayaki. Nimeisikia hata kwa mjomba wangu. Mpokomo wa chini kule Tana River amepiga kasia kwa mtumbwi wa kuchonga tangu zamani za zamani, kwa maji haya haya yaliyopita Sagana siku chache mapema. Kasia si ya mzungu. Kama kuna kitu kigeni hapa, ni wazo la kwamba mtoto amezaliwa kilomita moja kutoka mtoni na hajui kuogelea.

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa leo, na hapa nataka mkae chini. Watu hudhani kuna mambo mawili: kulinda mto, ambayo ni kazi ya watu wa mazingira wenye fulana za kijani, na kuingia mtoni, ambayo ni raha ya vijana wasio na kazi. Mimi nasema ni jambo moja. Mto usioingiwa na watu unakufa na hakuna mtu anasikia.

Nendeni Fourteen Falls, hapo mbele ya Thika, kwa Mto Athi. Ni maporomoko mazuri ajabu, na Nairobi si mbali. Nilienda mwaka jana kupiga video. Kutoka mbali maji ni meupe, nikasema leo nimepata. Nikakaribia. Weupe wenyewe ulikuwa povu. Povu kama la beseni ya kufulia, linapeperushwa na upepo na kukwama kwa majani, na harufu yake si ya kuelezwa mtu akila. Hilo povu ni sisi. Mto Nairobi, Mathare, Ngong, yote inabeba choo na sabuni na mafuta ya viwanda na kumwaga kwa Athi. Na hauishii hapo. Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na visima vya Baricho vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa viko kando ya mto huohuo. Kuna vijana hapo Fourteen Falls wanaruka kutoka juu ya mawe ndani ya hayo maji ili mtalii awape mia mbili. Wanajua maji yako vipi leo kuliko ofisi yoyote, kwa sababu yanawawasha ngozi. Hakuna mtu anawauliza.

Mpiga kasia ni hivyo. Anajua mto kwa pua na kwa mdomo. Upande wa Sagana, msimu wa kahawa, ukiwa na kayaki unajua kiwanda gani kimefungulia maji machafu ya kuoshea kahawa, kwa sababu yanakuingia puani ukipinduka. Ukishazama kwa hayo maji mara moja, hautahitaji mtu akufundishe uzalendo. Unatoka hapo ukiwa umekasirika na una picha na unajua ni bomba lipi.

Kitu kama hicho kilishatokea hapa Nairobi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa Karura wakijaribu kupanda mti, kwa sababu msitu ulikuwa unagawanywa kwa watu wakubwa. Wakati huo Mnairobi wa kawaida hakuwa na sababu ya kukanyaga Karura, ilikuwa mahali pa kuibiwa. Leo watu wanakimbia huko asubuhi, wanaendesha baiskeli, wanapigwa picha za harusi, na mtu akinong'ona tu habari ya kukata kipande cha Karura, simu yako inajaa kelele kabla ya saa nne asubuhi. Mti ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba watu maelfu wana njia yao pale ndani, wanaijua kona kwa kona.

Mto nao unaibiwa kimyakimya zaidi ya msitu, sababu hauoni ukikatwa. Unaona tu siku moja mawe yametoka. Kule Murang'a wamechimba mtaro wa chini ya ardhi wa takriban kilomita 12 unaochukua maji ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka bwawa la Ndakaini, ili mimi na wewe tufungue mfereji Nairobi. Mito hiyo mitatu ni ya ukoo wa Tana. Sisemi Nairobi isinywe maji, mimi mwenyewe nanunua mtungi Jumatano na Ijumaa. Nasema wakati hayo yanaamuliwa, ni nani alikuwa kwa meza akisema mto wenyewe unahitaji kiasi gani ubakie?

Na kuna mabwawa. Hapa sitajifanya mtakatifu. Simu ninayoandikia hii imechajiwa na Tana. Mwaka wa 1968 Marekani ilipitisha sheria ya kutenga baadhi ya mito ibaki ikitiririka bila kuzibwa. Mwaka huohuo sisi tulifungua Kindaruma. Halafu Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Tulikuwa nchi changa inataka taa, sawa, na taa tukapata. Lakini ukifuata mto kutoka Sagana ukishuka, kipande chenye maji makali kinachobakia kabla ya kufika Masinga si kirefu, na mpaka leo hakuna kilomita moja ambayo mtu amesema kwa sheria: hii tuiache.

Kama hujui inavyouma, panda basi la Busia uende Jinja. Nilienda 2023 na pesa za kwanza za tangazo. Hapo ndipo Naili hutoka Ziwa Viktoria, na watu walikuwa wanatoka pembe zote za dunia kuja kwa yale maji. Bujagali, ambapo Wabasoga wanaamini kuna roho anayeishi majini, ilizamishwa na bwawa la megawati 250 lililokamilika 2012. Kampuni za boti zikahamia chini. Uganda ilikuwa imekubaliana na Benki ya Dunia kwamba eneo la Kalagala lihifadhiwe kama fidia ya kile kilichopotea Bujagali. Halafu 2019 bwawa la Isimba la megawati 183 likafunguliwa, na ziwa lake likaingia ndani ya sehemu ya eneo hilohilo la fidia. Mwongozaji wetu, jamaa wa umri wangu, alituvusha kipande fulani cha maji yaliyotulia kama ya bafu. Akaacha kupiga kasia, akaelekeza kidole chini, akasema, "Hapa ndipo nilijifunza." Tulikaa hapo kimya. Hakukuwa na kitu cha kuona.

Na hao walikuwa na sauti! Jinja ilikuwa na hoteli, vijana wa kazi, magazeti ya nje. Walipigana, wakapata ahadi ya maandishi, na bado wakapoteza. Sasa hebu mfikirie Sagana, ama Mathioya, ama kijito chenu huko nyumbani ambacho hakijulikani. Mradi mkubwa ukija, sheria inataka ripoti ya athari kwa mazingira. Ripoti inauliza: nani hutumia mto huu? Wanaandika wakulima. Wanaandika mifugo. Wanaandika kiwanda. Wewe unayeruka geti Jumapili na kayaki ya kuchanga hauko. Huwezi kuwa kwa ripoti kama kila unapoingia mtoni unaingia kama mwizi. Ndiyo maana nasema geti na bwawa ni ndugu. Geti linakufuta kwanza, halafu bwawa likija linakuta hakuna mtu.

Na kuandika maoni si stori za jaba, kabla mniambie ati hayasomwi. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakuhusishwa inavyofaa. Watu wa Lamu hawakuwa na pesa kushinda mradi. Walikuwa na rekodi ya kwamba wapo.

Sasa mwenye geti. Nimejaribu kujiweka kwa viatu vyake, vya bei. Anasema tukifungua mtaacha chupa, mtapiga muziki, mtavuta vitu vyenu, na mmoja wenu akizama mimi ndiye nitaitwa polisi. Jamani, kwa chupa hana makosa. Mimi nimeona vile mnaacha mahali. Nimewaona kwa video zenu wenyewe mkicheza na nyuma yenu kuna takataka mnafikiria kamera haioni. Mtu akinifungulia njia nikamwachia diaper, ana haki ya kufunga. Lakini kuhusu kuzama, ukweli ni kinyume. Watoto wa hapo wataingia mtoni uwe umefunga ama hujafunga. Swali ni kama wataingilia mahali pazuri penye kibao kinachoonyesha kimo cha maji, ama wataingilia kwa mashimo. Ukuta haujazuia mtoto hata mmoja. Umemsukuma tu mita 400 chini.

Kwa hivyo sitaki vita na yeye, na siombi shamba lake. Nimepata kitu kingine. Rudini kwa Kifungu cha 62. Barabara ni za umma, (h). Mito ni ya umma, (i). Herufi mbili zinafuatana, na kwa graundi pia zinakutana. Zinakutana wapi? Kwa kila daraja. Barabara ya umma haiishii kwa lami, ina hifadhi yake pembeni. Mahali barabara ya umma inavuka mto wa umma, hakuna kipande cha mtu binafsi katikati cha kuniwekea geti, labda mtu awe amenyakua, na hiyo ni kesi ingine. Daraja moja juu, daraja moja chini, na umepata safari ya kasia bila kukanyaga mboga ya mtu.

Tunachohitaji kwa kila daraja si maajabu. Ngazi za mawe hadi majini. Mashimo ya mchanga yazibwe na malori yahamishwe yasichimbe miguu ya daraja, maana hiyo pia inaangusha daraja. Nguzo iliyopakwa rangi kuonyesha maji yakifika hapa usiingie. Kamba ya kurusha kwa sanduku. Mpeni kijana wa hapo kazi ya kuangalia, anajua kuogelea kutuliko. Kaunti haiwezi kusema hii si kazi yake: Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti bustani, fuo, mahali pa burudani na utalii wa ndani. Kirinyaga na Murang'a zinapakana hapohapo Sagana, wanaweza hata kugawana bili.

Kuna pia vyama vya watumiaji wa maji, vimo ndani ya Sheria ya Maji ya 2016, vya watu wa mto mmoja kukaa pamoja na kusuluhisha ugomvi wa maji. Nimeuliza kwa kimoja kama mpiga kasia ni mtumiaji wa maji. Karani, mama mmoja mwenye heshima zake, alivua miwani akaniangalia. "Wewe unayatumia kufanya nini?" Nikamwambia, "Kuteremka, mama." Akafikiria. "Na unayarudisha?" Nikamwambia yote, mpaka tone la mwisho. Akacheka akanipa fomu. Ada ya kujiunga ni kidogo kuliko bando zenu za wiki.

Barua ya kaunti nimeandika, kurasa mbili, na picha za vyuma vya zege na picha ya mguu wa binamu yangu uliovimba. Yeye amekubali itumike, mamake ndiye bado. Nataka majina 200 chini yake kabla ya kuipeleka, na nataka majina ya watu wa hapo Sagana yawe mengi kuliko yetu wa Nairobi, la sivyo tutaambiwa tumetumwa.

Jumamosi ya wiki ijayo tunaenda kupima. Madaraja matatu, futi ya fundi, daftari, magunia ya takataka. Hakuna kuingia majini, nimempigia guka wa geti jana, akaniambia mto umepanda na rangi ni ya chai ya maziwa. Matatu inatoka saa kumi na mbili kamili. Kayaki inabaki nyumbani, makanga atanunia mtu mwingine.